Nani alishinda ngoma ya Mwamapalala? Muulizeni mwenye mkasi



Wiki hii nilipanga kuandika kuhusu bei ya pamba, lakini naomba pamba isubiri kidogo. Kuna jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana. Linahusu ngoma, kamera tatu, na babu yangu mdogo wa Mwamapalala ambaye sasa hivi ukimtajia neno video anaangalia pembeni.

Kwa wale wa Dar mnaodhani nchi inaishia Kibaha: Mwamapalala ni kata iliyoko wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Itilima ilikuwa sehemu ya wilaya ya Bariadi, mkoa wa Shinyanga, ndiyo maana mpaka leo ukimuuliza mzee wa kule anatoka wapi anakujibu "Bariadi" bila kusita. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Mavuno yakishaisha, kuanzia mwezi wa sita hivi, inakuwa nchi ya ngoma.

Sasa ngoma ya Kisukuma ina sheria zake, na bila kuzijua hutaelewa kwa nini nina hasira. Kuna vyama viwili vikubwa vya wachezaji, Bagalu na Bagika. Ni vya tangu karne ya 19, na asili yake ni waganga wawili waliokuwa wapinzani, Gumha na Ngika. Siku ya mashindano hakuna jaji aliyekaa mezani na kalamu. Makundi mawili yanaingia uwanja mmoja, kila moja na upande wake, na yanacheza kwa wakati mmoja. Watazamaji wako huru, wanakwenda wanakotaka. Wakichoshwa na huku wanahamia kule. Mwisho wa mchezo kundi lenye watu wengi ndilo limeshinda. Basi, hakuna rufaa.

Ndiyo maana manju anakuja na kila alichonacho: nyimbo mpya, mbwembwe, wengine nyoka, na wazee watakwambia kwamba kuna na dawa ya kuvuta watu. Watu ndio kura, na miguu yao ndiyo inayopiga kura hiyo.

Kwa hiyo ukitaka kupiga video ya ngoma hii, kitu cha kwanza kupiga ni umati. Sura ya mchezaji inafuata baadaye. Umati ndio matokeo.

KAMERA TATU

Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa likizo kijijini. Babu mdogo ndiye manju wa Bagika, mtu mrefu, mwembamba kama mwanzi, anacheza huku magoti yanapanda mpaka kifuani na umri ule. Familia ikaamua safari hii ngoma ipigwe video ya maana. Tukapata kamera tatu.

Ya kwanza ilikuwa kamera ya mkononi ya zamani ya mjomba, ile ya enzi za TV chogo. Picha yake ni 4:3, yaani upana sehemu 4 kwa urefu sehemu 3, karibu na mraba. Mjomba alipanda nayo juu ya Fuso ili aone uwanja mzima. Chini karibu yake walikuwa Bagalu, na kule mbali, juu ya picha, walikuwa Bagika na watu wao. Baadaye alishuka akaenda kumpiga babu kwa karibu.

Ya pili ilikuwa kamera ya kisasa ya kijana wa studio moja ya mjini, picha 16:9, upana uleule wa TV bapa za siku hizi. Yeye alisimika kamera yake upande wa Bagalu kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli. Simlaumu, jua la Simiyu mwezi wa saba si la kuchezea.

Ya tatu ilikuwa simu. Ilikuwa upande wa Bagika, miguuni pa babu kabisa, na ilishikwa wima, yaani 9:16. Aliyeishika ni mtu mwenye shahada ya uandishi wa habari na kitambulisho cha gazeti. Ndiyo, ni mimi. Chekeni mmalize tuendelee.

Jua lilipoanza kushuka nikaona kwa macho yangu watu wanahama. Mmoja mmoja, halafu kumi kumi, halafu vumbi tupu. Upande wa Bagalu palibaki ndugu na watoto wadogo. Bagika walishinda, na hata Bagalu wenyewe walikuja kumpa babu mkono.

KIBANDA UMIZA

Picha zikapelekwa studio. Wiki mbili baadaye flashi ikarudi, tukaenda kuiangalia kwenye kibanda umiza cha senta, watu wamejaa mpaka mlangoni, babu kakaa mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki.

Jamani. Video ilianza vizuri, ngoma zinalia, Bagalu wanaonekana safi, wamejaa TV nzima, rangi nzuri. Halafu ikaja picha ya juu ya Fuso. Bagalu wapo, miguu yao ipo. Bagika? Kwa juu unaona vichwa vichache na vumbi. Umati uliokuwa kule nyuma haupo kabisa. Halafu akatokea babu mwenyewe, mfupi, mnene, uso kama sahani. Halafu ikaja picha ya simu yangu: kifua cha babu. Hakuna kichwa, hakuna magoti, ni kifua kinachoruka ruka dakika nzima.

Vijana wakaangua kicheko. Babu akageuka akauliza kwa sauti ndogo: "Watu wangu wako wapi?" Kijana mmoja, ambaye siku ya ngoma alikuwa Lamadi wala hakuwepo uwanjani, akamjibu: "Babu, video haidanganyi." Mzee akasimama, akachukua fimbo yake, akaondoka.

Na ile video ikaanza kutembea kwenye simu za watu. Kwa asiyekuwepo uwanjani, Bagalu walishinda.

MKASI ULIFANYA NINI?

Nilikwenda kwa yule kijana wa studio kuuliza. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alichofanya ndicho kinachofanywa kila Jumamosi kwenye video za harusi, send-off na kipaimara nchi nzima. Alikuwa na picha za maumbo matatu na TV ya umbo moja, na alitaka TV ijae. Basi.

Twende kwa hesabu, si ngumu. TV ya kisasa ya HD ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Picha ya 4:3 ukiiweka humo bila kuiharibu inachukua upana wa 1440. Zinabaki 480, yaani ukanda mweusi wa 240 kushoto na mwingine 240 kulia. Robo ya TV inakuwa nyeusi. Kuna njia mbili za kuuondoa huo weusi kwa nguvu.

Njia ya kwanza ni kuvuta picha kwa upana mpaka ijae. Kila kitu kinaongezeka theluthi moja kwa upana, lakini urefu unabaki palepale. Ndicho kilichomkuta babu. Mtu mwembamba kuliko wote kijijini akawa kama ana kitambi cha diwani.

Njia ya pili ni kukuza picha mpaka upana ujae, kisha kukata kinachozidi juu na chini. Hapo mtu hanenepi, lakini unapoteza robo nzima ya urefu. Kwenye picha ya Fuso mhariri alitaka miguu ya wachezaji wa karibu ionekane, kwa hiyo robo yote aliitoa juu. Na juu ndiko walikokuwa watu wa Bagika. Kwa mguso mmoja wa kipanya, matokeo ya ngoma yalibadilika.

Na simu yangu? Picha iliyosimama wima ukiiweka kwenye TV inachukua upana wa pikseli 608 hivi, haifiki hata theluthi moja. Ukitaka kuikuza mpaka ijae unabaki na chini ya theluthi moja ya picha, zaidi ya asilimia 68 inatupwa. Kutoka kwa mtu mzima anayecheza unabaki na kifua.

Sasa angalieni mambo yalivyojipanga. Upande uliopigwa na kamera inayolingana na TV ulibaki mzima. Upande uliopigwa na kamera ya zamani na simu ulikatwa na kuvutwa. Bagalu hawakushinda kwa nyimbo wala kwa dawa, walishinda kwa sababu 16:9 ilisimama kivulini kwao.

HOJA YANGU

Tunaposema kuchanganya picha za maumbo tofauti tunadhani ni suala la mafundi, la kubonyeza hapa na pale. Mimi nasema ni suala la haki. Kamera mpya ziko kwa wenye studio, matv na wanasiasa kwenye ziara. Mwananchi ana simu yake, au kamera aliyoachiwa na shemeji. Ukikaa mezani kuunganisha picha, umbo la TV linakuwa kama sare ya shule: aliyenayo anaingia, asiyenayo anakatwa au anavutwa mpaka afanane. Na anayekatwa mara nyingi ni yuleyule ambaye tayari hakuwa na kamera nzuri.

Halafu si kijijini tu. Kila tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu mwaka 1999, tunaonyeshwa picha zake za zamani. Picha za filamu na TV za enzi zile ni 4:3 au karibu yake. Wote tunajua Mwalimu alikuwa mtu mwembamba. Lakini mimi nimeshamwona kwenye TV kavutwa mpaka mashavu yamejaa na suti imembana. Mtoto aliyezaliwa baada ya 1999 hana Mwalimu mwingine wa kumlinganisha naye, huyo mnene ndiye atakayemkumbuka.

Wengine watasema maumbo haya ni maagizo ya kitaalamu, tutafanyaje. Hapana, ni makubaliano ya watu tu. Ile 4:3 ilitoka kwenye karakana ya Edison kule Marekani, ambako mnamo mwaka 1892 William Dickson alipanga ukubwa wa picha kwenye mkanda wa filamu wa milimita 35. TV zikaifuata. TV ya rangi Zanzibar miaka ya 1970, ITV ilipoanza mwaka 1994, zote zilikuwa umbo hilo. Ile 16:9 ilipendekezwa miaka ya 1980 na mhandisi aitwaye Kerns Powers, ambaye alitafuta umbo la katikati ambamo filamu pana na picha za TV za zamani zote zingeingia bila kupoteza eneo kubwa. Sikilizeni vizuri hapo: lilibuniwa ili maumbo mengine yaingie NDANI yake yakiwa mazima, kanda nyeusi zikiwa sehemu ya mpango wenyewe. Sisi tumelipokea, tukazima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, tukanunua TV bapa, kisha tukaanza kuzionea aibu kanda nyeusi.

Yule kijana wa studio aliniambia: "Kaka, mteja akiona weusi anasema nimemharibia. Anasema TV yangu nimelipia yote." Namwelewa. Nina jibu moja tu la kumpa huyo mteja: weusi pembeni unakwambia ukweli kwamba hapa kamera ilikuwa nyingine. Kuvuta na kukata kunakuficha hilo, na kunakuficha na watu pia.

TUFANYEJE SASA?

Sipendi makala ya kulalamika bila dawa, kwa hiyo haya ndiyo niliyojifunza kwa aibu yangu mwenyewe.

Kwanza, ongeeni kabla ya ngoma kuanza. Dakika tano zinatosha. Wote laleni simu, wote wekeni 16:9 kama kamera inaruhusu. Na muulizane: ni picha ipi lazima iwepo ndipo tukio lieleweke? Hiyo apewe mwenye kamera bora, hata kama atachomwa na jua.

Pili, kama maumbo yameshachanganyika, usivute. Kamwe. Kuna kipimo rahisi, na Usukumani hakikosekani: tafuta gurudumu la baiskeli kwenye picha. Likiwa duara, endelea. Likiwa kama yai lililolala, umemnenepesha mtu. Hata kamera za zamani zenyewe zina mtego huu, kwa sababu picha yake ni pikseli 720 kwa 576 na pikseli hizo si mraba. Programu isipoambiwa ukweli, gurudumu linaharibika kabla hujagusa kitu.

Tatu, kukata kunaruhusiwa, lakini angalia picha kwa picha. Usibonyeze "jaza yote" ukaenda kunywa chai. Kabla ya kukata jiulize nani anatoka.

Nne, kuna ule mtindo wa kuweka picha ileile nyuma ikiwa imekuzwa na kutiwa ukungu ili kuziba weusi. Ni bora mara mia kuliko kuvuta. Mimi binafsi unanichosha macho kwenye ngoma, kwa sababu nyuma kunaruka kama mbele, lakini ni suala la ladha, haumdhulumu mtu.

Tano, na hii ndiyo iliyonifurahisha: ziwekeni picha pamoja. Chukua picha ya 4:3 na picha ya simu iliyosimama wima, zipunguze kidogo mpaka urefu wa pikseli 1012 hivi. Ya kwanza inachukua upana wa 1350, ya pili 570. Jumlisha: 1920 kamili! TV imejaa kutoka kushoto mpaka kulia, hakuna aliyevutwa, hakuna aliyekatwa, zinabaki nyuzi mbili nyembamba juu na chini. Upande mmoja unaona uwanja mzima na umati unavyohama, upande wa pili unamwona mchezaji kuanzia kichwa mpaka kisigino. Mfaransa Abel Gance alipanga projekta tatu sambamba mwaka 1927 kwenye filamu yake ya Napoleon. Wasukuma walikuwa na ngoma mbili kwa wakati mmoja kabla yake, na watu wakaangalia kotekote bila kuumwa kichwa.

Cha kuangalia hapo ni muda. Kamera ya mjomba inapiga picha 25 kwa sekunde, simu yangu 30. Tafuta pigo la kwanza la ngoma kubwa kwenye sauti za zote mbili, uziunganishe hapo, kisha angalia mwishoni kama miguu bado inakwenda na ngoma. Kama hakuna ngoma, mtu apige kofi moja kubwa mbele ya kamera zote mwanzoni.

Na sita: tunzeni picha halisi. Nilipoomba kadi zote studio, ya kamera ya kisasa ilikuwa imeshafutwa na kurekodiwa harusi ya watu. Kadi ya mjomba ilikuwepo kwa sababu mjomba hafuti kitu, ni ubahili tu, lakini ubahili wake umeokoa historia.

NILICHOFANYA

Nikakaa usiku mara mbili na kompyuta yangu na programu ya bure. Vipande vya Bagalu nikavichukua kwenye ile video ya kwanza na kuviacha vilivyo, maana walicheza vizuri na wana haki yao. Picha za Fuso nikaziweka nzima, weusi kushoto, weusi kulia. Dakika ishirini za mwisho nikaweka Fuso na simu sambamba.

Mwezi uliopita nikairudisha Mwamapalala, kibanda kilekile. Weusi ulipotokea mzee mmoja akauliza kama TV imeharibika. Nikamwambia hapana, kamera ya mjomba ndivyo inavyoona. Akatikisa kichwa, akaendelea kuangalia. Baada ya dakika mbili hakuna aliyekuwa anauzungumzia tena. Wale vijana waliocheka mwaka jana walianza kunyoosha vidole: "Yule si baba? Angalia anahama! Kamwacha mama kule!" Kijana wa Lamadi alinyamaza, naye aliangalia mpaka mwisho.

Bibi, mke wa babu mdogo, alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki. Babu alipotokea mzima kwenye picha ya simu, mwembamba, magoti juu, bibi alisema neno moja tu: "Ndiye."

Babu mwenyewe hakuja. Alituma mjukuu aniletee ujumbe: mwaka huu ile kamera kubwa ianze kusimama Bagika.

Nitamwambia kijana wa studio. Na mimi simu nitailaza.

Naomba kuwasilisha.